MJADALA: Jiji la Tanga likijenga ukumbi wa ndani wa michezo, liweke barafu?

Mleta hoja, Raskazone
Wadau, tuseme Halmashauri ya Jiji imepata kiwanja na fedha za ukumbi wa ndani wa michezo. Je, sakafu iwekewe barafu ya kutelezea? Mimi nasema iwekewe. Nairobi, hoteli ya Panari ilifungua uwanja wa barafu mwaka 2005, na mwaka 2024 Kenya ikapokewa kwenye shirikisho la kimataifa la mpira wa magongo wa barafuni. Lakini ule ni wa hoteli. Wa jiji ungekuwa na saa za shule, saa za wanawake, saa za watoto wenye ulemavu wanaocheza wakiwa wameketi kwenye vigari vya kuteleza. Kanada kumbi nyingi za aina hii ni mali ya halmashauri: barafu ikiyeyushwa mwisho wa msimu, sakafu ya zege inatumika kwa maonyesho, mikutano, hata kuhifadhi watu wakati wa maafa. Wanaosema Tanga ni joto mno walete hesabu.

Fundi Friji, Chumbageni
Mkuu, hesabu hii hapa. Joto lina dawa. Kinachotushinda pwani ni unyevu.

Uwanja wa kimataifa ni mita 60 kwa 30. Barafu ya unene wa sentimita 3 ni karibu lita 50,000 za maji, na kuyagandisha mara ya kwanza ni kama uniti 3,000 za umeme. Wengi hupiga hesabu hiyo wakaridhika. Gharama yenyewe inaanza siku ya pili. Hewa yetu ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 hubeba gramu 23 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ndani, kwa nyuzi 12, inatakiwa isizidi gramu 6 hivi. Ukiingiza mita za ujazo 5,000 kwa saa ili watu wapate hewa safi, una lita 85 za maji za kukamua kila saa. Kiyoyozi cha kawaida hapo hakifui dafu, koili zake zinaganda. Inatakiwa mashine yenye gurudumu la silika jeli inayofyonza unyevu, nalo lazima likaushwe kwa hewa ya moto muda wote, na huo ni umeme mwingine.

Ukilipuuza hilo, ukungu unatanda juu ya uwanja, dari inadondosha matone, matone yanaganda kuwa vinundu vinavyoangusha watu. Kibaya zaidi ni kutu kwenye maungio ya mihimili ya chuma, mahali ambapo hakuna anayechungulia.

Mleta hoja, Raskazone
Nimekuelewa, fundi. Basi milango iwe miwili miwili, wa pili usifunguke mpaka wa kwanza ufungwe. Dari ivalishwe karatasi ya alumini, maana mionzi ya joto kutoka darini ni sehemu kubwa ya mzigo wa mitambo. Na tupunguze uwanja uwe mita 30 kwa 15. Watoto wanaojifunza hawahitaji zaidi.

Fundi Friji, Chumbageni
Robo ya barafu haikupi robo ya gharama. Watu wanapumua vilevile na milango inafunguka vilevile.

Mwana Deep Sea
Ndugu zangu, mbona hakuna aliyemtaja mvuvi? Samaki wa nchi za joto anataka kilo moja ya barafu kwa kila kilo yake, tangu anapotolewa baharini. Uwanja mzima katika hali ya hewa kama hii unadai mitambo ya ubaridi ya kilowati 350 au zaidi. Mitambo hiyo ikigeuzwa kutengeneza barafu ya mabonge saa 24, inatoa karibu tani 60 kwa siku. Linganisheni na vibua na jodari wanaouzwa kwa bei ya kutupa mchana kwa kukosa barafu. Kama jiji litanunua kompresa, zianzie mwaloni, samaki wanakoshushwa.

Mleta hoja, Raskazone
Dada, hoja yako inaunga mkono yangu! Usiku taa zimezimwa, hakuna watu, mzigo wa uwanja unashuka. Bonge la unene wa sentimita 15 kwenye maji chumvi ya nyuzi 10 chini ya sifuri huganda kwa saa 12 hivi. Mchana michezo, usiku barafu ya samaki.

Fundi Friji, Chumbageni
Inawezekana, ila mizunguko ya maji chumvi, wa uwanja na wa mabonge, itenganishwe kabisa. Makopo ya kugandishia mabonge hupata kutu na kutoboka, chumvi ikaingia kwenye barafu na kutu ikaenda kwenye mabomba ya uwanja.

Mwalimu wa Michezo, Ngamiani
Mita 60 kwa 30 bila barafu ni viwanja vinne vya mpira wa wavu, pamoja na nafasi za pembeni. Shule nne zinacheza kwa pamoja, hata masika. Msiseme mtafunika barafu kwa mbao: kwa unyevu huu mbao zitatoka jasho, mtoto ateguke goti.

Afisa Usalama
Amonia ni gesi nzuri kwa kazi hii ya ubaridi, lakini ni sumu, haisamehe. Tarehe 17 Oktoba 2017, Fernie, Kanada, kwenye ukumbi wa barafu wa mji, amonia ilipenya tundu dogo la bomba la chila (mtambo wa kupoza maji chumvi) chakavu ikaingia kwenye maji chumvi. Wafanyakazi watatu walikufa. Uvujaji ulikuwa umegunduliwa miezi kabla, na chila ikawashwa tena. Hewa yenye unyevu huifanya amonia itambae chini kama ukungu mzito, kwa hiyo chumba cha mitambo kijitenge na ukumbi, na milango ya kutorokea iwe pande mbili, kwa ajili ya kusi na kaskazi. Chila iwe na tarehe ya kustaafishwa, na fedha yake itengwe tangu mwaka wa kwanza.

Fundi Friji, Chumbageni
Afisa kasema kweli. Ushauri wangu: mtambo wa barafu ya samaki kwanza, sakafu ya michezo ya kawaida pili. Anayetaka kuacha nafasi ya kuweka barafu baadaye atalaza mabomba ndani ya zege sasa hivi, na kwa nafasi ya sentimita 10 hiyo ni kilomita 18 za bomba. Yajazwe hewa ya shinikizo na geji iangaliwe muda wote wa kumwaga, kwa sababu sakafu hiyo humwagwa kwa mkupuo mmoja, zege halilali. Bomba likitoboka humo, dawa ni kuvunja sakafu.

Mwana Deep Sea
Mabomba hayo ya kungojea yalipwe na mfuko wa michezo, yasiguse fedha za mtambo wa mwaloni. Hapo mtapata kura yangu.