Naomba ushauri: jina la Kirusi kwa binti atakayezaliwa Uingereza

Wakuu, naombeni ushauri. Mama ni Mrusi, mtoto atakuwa na pasi mbili. Yamebaki Vera, Ksenia na Yulia. Vera (maana yake imani) halisumbui popote. Ksenia, Waingereza wengi hushindwa ile "ks" ya mwanzo, linageuka "Zenia". Kichwa kinauma kwa Yulia: pasi ya Urusi huliandika Iuliia, kwa kanuni zao za kugeuza herufi. Cheti cha Uingereza kikisema Julia, tiketi ifuate kipi? Nikita na Misha, hapana. Kwa Warusi ni ya kiume.

Aliyepitia ubalozini: walikubali tahajia ya cheti cha kuzaliwa? Na ukoo wa baba ukiishia -ov, binti aandikishwe -ova (umbo la kike la ukoo huo) tangu mwanzo?