Hivi viwango vya intaneti anaamua nani hasa, wataalamu au soko?

Mdadisi_Mtandao:
Wakuu habari zenu. Kila nikisoma naambiwa IETF (jumuiya ya wahandisi wa intaneti) na W3C (shirika la viwango vya wavuti) ndio wanaoweka viwango, yaani kanuni za pamoja za jinsi mashine zinavyowasiliana, ICANN ndio wanasimamia majina ya domeini. Sasa wakiandika kiwango halafu kampuni zikakipotezea inakuwaje? Na sisi watumiaji wa kawaida tuna sauti yoyote au tunaletewa tu kitu kimeshaiva?

waya_mrefu:
Mkuu IETF hawana polisi, kiwango kisipotumika kinabaki karatasi. Angalia OSI, seti ya kanuni za mawasiliano ya kompyuta iliyoshindana na TCP/IP tunayotumia leo, miaka ya 80 serikali kibao zilikuwa nyuma yake, Marekani ilifika hadi kuziagiza idara zake zinunue vifaa vya OSI, lakini TCP/IP ilishakuwa inafanya kazi, tena imekuja ndani ya Unix ya Berkeley (mfumo endeshi wa kompyuta kutoka chuo kikuu cha huko), watu wakajiendea nayo na mchezo ukaishia hapo.
IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti wa kuchukua nafasi ya IPv4 ya zamani, ndio mfano unaouma zaidi. Imetoka 1998, akiba kuu ya anwani za IPv4 ikaisha Februari 2011, na bado mpaka leo IPv4 inadunda. Kwa nini? Kwa sababu anayehama anabeba gharama leo, faida anaiona wengine wakishahama pia, na katikati hapo kuna NAT inayowezesha nyumba nzima kutumia anwani moja ya nje. Mteja akipiga simu analalamikia spidi na bei, sijawahi kusikia aliyelalamikia IPv6.

Binti_Seva:
Nakubaliana ila tusichanganye soko na watumiaji jamani, ni vitu viwili tofauti. Do Not Track ilikuwa hivi: unaweka tiki kwenye brauza, brauza inaziambia tovuti "huyu hataki kufuatiliwa". Watu waliitaka kabisa! Lakini kuheshimu ile ishara ilikuwa hiari na hela ya matangazo iko kwenye kufuatilia watu, kwa hiyo tovuti nyingi zikaipuuza na kikundi cha W3C kilichokuwa kinaishughulikia kikafungwa 2019. Halafu linganisha na QUIC, njia ya kusafirisha data kati ya brauza na seva kwa haraka zaidi, Google ana brauza na ana seva, akaijaribu mwenyewe kwa watumiaji wake, ndio akaipeleka IETF, ikapikwa upya na kutoka kama kiwango 2021. Kitu kizuri sikatai, ila ni nani mwingine angeweza kufanya jaribio la ukubwa ule? Mwenye brauza siku hizi ana kura nzito kuliko wote, na hilo mimi linanitisha.

mzee_wa_domeini:
Watumiaji wakiungana wanasikika bwana. 2019 ICANN waliondoa kikomo cha bei ya majina ya .org, ambayo mashirika mengi yasiyo ya faida huyatumia, maoni zaidi ya 3,000 yaliingia karibu yote yakipinga, wakapitisha hivyo hivyo. Novemba mwaka huo huo ikatangazwa kwamba shirika linaloendesha .org linauzwa kwa Ethos Capital, dola bilioni 1.135. Hapo mashirika yasiyo ya faida yakaamka kwelikweli, barua, maandamano, mpaka mwanasheria mkuu wa California akaandika kupinga, na tarehe 30 Aprili 2020 ICANN wakayakataa mauzo hayo. Maoni peke yake hayakutosha, ilibidi ICANN wabanwe na mtu mwenye mamlaka juu yao.

Mdadisi_Mtandao:
Asanteni sana, nimepata mwanga. Kwa hiyo mtu wa kawaida anaweza kuingia IETF kabisa?

Binti_Seva:
Anaweza, orodha zao za barua pepe ziko wazi kwa yeyote na hakuna ada ya uanachama. Na kuna RFC 8890 ya 2020 (RFC ni nyaraka rasmi ambazo IETF huzichapisha) inasema wazi kwamba maslahi yakigongana, mtumiaji wa mwisho apewe kipaumbele. Shida ni muda, kampuni inamlipa injinia mshahara ashinde humo kutwa nzima anajibu kila hoja, wewe unaingia usiku umechoka. Ndio maana nasema tuyachangie hela mashirika ya haki za kidijitali yawe na watu wao wa kudumu kwenye vile vikundi, bila hivyo hiyo RFC haina wa kuitetea.