Mjadala: Ndege ipi inamtoa rubani jasho na bado inampa raha kuliko zote?

Wakuu, swali ni hili: katika ndege zote, ipi inamsumbua rubani kweli kweli, na bado akishatua anatamani kupanda tena? Majibu mawili ndiyo yanayosikika sana. Wapo wanaotaja ndege za kivita kwa ajili ya kasi yake. Wengine wanataja ndege kubwa za abiria, kwa kuwa rubani amebeba roho za mamia ya watu mgongoni. Mimi nayakataa yote mawili. Jibu langu ni glaida, ndege isiyo na injini.

Nianze na wa kivita. Ugumu peke yake si sifa. Tazameni F-104 Starfighter. Mabawa yake yalikuwa mafupi, na kingo za mbele zilikuwa nyembamba kiasi kwamba mafundi walizifunika ndege ikiwa imeegeshwa, zisije zikamkata mtu. Ilitua kwa kasi ya kutisha. Matoleo yake ya mwanzo yalikuwa na kiti cha dharura kinachomfyatua rubani kuelekea chini, na sijui hiyo ingemsaidiaje mtu aliye karibu na ardhi. Ujerumani Magharibi ilikuwa nazo zaidi ya 900. Karibu 300 ziliangamia, na marubani zaidi ya 100 walipoteza maisha. Kwamba ilikuwa ngumu, hakuna anayebisha. Lakini mtu hajifunzi chochote kutokana na kosa lililomuua. Ndege inayostahili kutajwa hapa ni ile inayomwambia rubani amekosea wakati bado ana nafasi ya kujirekebisha.

Ipo ndege moja ya kijeshi ninayoivulia kofia, nayo ni U-2 ya Marekani, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1955. Magurudumu yake makuu yamepangwa mstari mmoja, moja mbele na jingine nyuma, huku mabawa ya matoleo yake ya baadaye yakiwa na upana wa zaidi ya mita 30 kutoka ncha hadi ncha. Vigurudumu vinavyoyategemeza vinadondoka ndege inapopaa, kwa hiyo wakati wa kutua havipo. Rubani amevaa suti nzito kama ya mwanaanga na haoni vizuri chini. Ndiyo maana rubani mwenzake anaifukuza ndege kwa gari nyuma yake, akimsomea kwa redio futi zilizobaki. Na huko juu, kwenye futi 70,000, pengo kati ya kasi ndogo mno na kasi kubwa mno ni finyu sana: ukipunguza kidogo, mabawa yanashindwa kukubeba, ukizidisha kidogo, ndege inaanza kutetemeka. Hiyo ni kazi ya watu wazima. Lakini angalieni umbo lake: mabawa marefu, mwili mwepesi, na ikikaribia ardhi haitaki kushuka. Ni glaida iliyowekewa injini.

Sasa glaida yenyewe. Nje ya kioo, mbele ya macho ya rubani, kumebandikwa kipande cha uzi wa sufu. Ndege ikikata hewa sawasawa, uzi unalala katikati. Ukiinamisha bawa la kushoto bila kukanyaga pedali ya kushoto, ile ya usukani wa mkiani, kwa kipimo chake, bawa la kulia linalopanda linaburuzwa na hewa zaidi, pua inakwenda kulia, na uzi unakimbilia pembeni papo hapo. Hakuna kompyuta inayokufichia aibu. Mkono na mguu visipoelewana, uzi unasema, na ndege inaanza kupoteza kimo ambacho huna injini ya kukirudisha.

Kimo ndiyo akiba pekee. Katika hewa tulivu, glaida nzuri ya kisasa inaweza kukupa zaidi ya kilomita 40 kwa kila kilomita moja ya kimo. Ukitaka zaidi, utafute hewa ya joto inayopanda. Inabidi usome mawingu na ardhi, usikie kiti kinakusukuma kutoka chini, kisha uzunguke humohumo bila kutoka nje ya mkondo. Ukiujua huo usomaji, unafika mbali: mwaka 2018 glaida iitwayo Perlan 2, baada ya kuvutwa na ndege nyingine hadi angani, ilipanda kwa mawimbi ya hewa inayorushwa juu na milima ya Andes, upande wa Argentina, hadi zaidi ya futi 76,000. Bila injini!

Wa ndege za abiria watasema huo ni mchezo wa siku za jua, hauna dhoruba, usiku wala abiria. Nakubali, kuruka usiku ndani ya mawingu kwa kutegemea vyombo ni elimu nyingine ambayo glaida haikupi. Lakini kumbukeni tarehe 23 Julai 1983. Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000 kwa sababu mafuta yalihesabiwa kwa pauni badala ya kilo. Ndani mlikuwa na watu 69. Kapteni Robert Pearson alikuwa mzoefu wa glaida. Alipoukaribia uwanja wa zamani wa kijeshi wa Gimli, nchini Kanada, aliona yuko juu mno, na nafasi ya kuzunguka ajaribu tena haikuwepo. Akainamisha bawa upande mmoja na kukanyaga pedali ya upande wa pili, jitu lote lile likaenda kimshazari, likashuka haraka bila kuongeza kasi. Gurudumu la mbele lilijikunja, pua ikasuguana na lami, na watu wote wakatoka hai. Mbinu ile ni ya kawaida kabisa kwa watu wa glaida.

Wa tatu ni wapenzi wa ndege ndogo zenye gurudumu mkiani, kama Pitts. Hao wako karibu na ukweli. Uzito wake uko nyuma ya magurudumu makuu, kwa hiyo ukizubaa ikiwa ardhini mkia unataka kuipita pua. Ila vita hiyo ni ya sekunde chache za kupaa na za kutua. Kwenye glaida inaweza kuendelea saa tano mfululizo.

Kwa hiyo kabla hujataja ndege yako, jibu mawili: ni kitu gani ndani yake kinachomwonyesha rubani kosa lake papo hapo, na injini zikizima, anabaki na nini mkononi?