Chumba na sebule Dar, kodi isizidi 150,000, kazi Posta: nianzie wapi na nijihadhari na nini?

Mgeni wa Jiji

Habari za muda huu wakuu. Mwanzoni mwa mwezi ujao nahamia Dar es Salaam kutoka Mbeya, kituo cha kazi ni Posta, katikati ya jiji. Tuko watatu: mimi, mke wangu na mtoto wa miaka minne. Tunahitaji chumba na sebule, choo ndani, jiko hata likiwa dogo. Kodi nimepanga isizidi 150,000 kwa mwezi. Fedha ya kuanzia ni 1,000,000, humo humo na ya kuhamisha vitu. Madalali niliowapigia wote wanataka miezi sita kwa mkupuo.

Naomba kujua: kwa fedha hii mitaa gani inawezekana? Na nitajuaje kwamba ninayemlipa ndiye mwenye nyumba kweli? Natanguliza shukrani.

Kalamu na Karatasi

Karibu mkuu. Kabla ya mtaa, piga hesabu ya siku ya kwanza, maana hapo ndipo wengi wanakwama. Mwenye nyumba akitaka miezi sita, wewe unalipa saba: sita yake, mmoja wa dalali. Kwa 150,000 ni 1,050,000, na hapo hata godoro hujalibeba. Kwenye milioni yako toa kwanza ya kuhamia: kirikuu, wabebaji, kitasa kipya, umeme wa kuanzia, gesi. Weka 120,000. Zinabaki 880,000. Gawanya kwa saba, unapata kama 125,700. Kwa masharti ya miezi sita, hiyo ndiyo kodi unayoimudu.

Ukitaka kubaki kwenye 150,000, punguza miezi. Miezi minne pamoja na udalali ni 750,000, mitatu ni 600,000. Mitano inafika 900,000, umeshavuka. Kwa hiyo ukimpigia dalali, mtajie yote kwa pamoja kabla hujapanda gari: chumba na sebule, choo ndani, 150,000, miezi mitatu au minne. Usikubali kwenda kuona nyumba ya miezi sita kwa ahadi kwamba "tutaongea na mzee". Ukishafika, umeshalipa nauli na hela ya kuoneshwa, na aliye kwenye haraka ni wewe.

Wenye nyumba wanaokubali miezi mitatu wapo. Wengi ni wale ambao nyumba imekaa tupu zaidi ya mwezi. Utaitambua kwa vumbi madirishani, majani uani, na tangazo lililopauka getini. Huyo usimwombe apunguze kodi, mwombe apunguze miezi. Mwambie unataka mkataba wa mwaka mzima, ila ulipe kila baada ya miezi mitatu. Anachokiogopa ni kuhangaika tena na mpangaji mwingine baada ya muda mfupi, nawe unakuwa umemwondolea hofu hiyo. Mkataba wa mwaka una faida kwako pia: kodi haipandi katikati, na udalali unautawanya. Hiyo 150,000 ya dalali ukikaa miezi sita ni sawa na kuongeza 25,000 kwenye kila mwezi. Ukikaa mwaka ni 12,500. Anayehama kila baada ya miezi sita anaishi nyumba ya 175,000 akidhani ni ya 150,000.

Udalali unalipwa siku ya kusaini na kupewa ufunguo, si siku ya kuoneshwa. Hela ya kuoneshwa patana mapema, tena iwe moja kwa mzunguko wote wa siku hiyo, maana wapo wanaodai kwa kila nyumba na kukupitisha kwenye nyumba ambazo wanajua hutazitaka.

Njia ya Kimara

Nijibu la mitaa. Kwa Posta fikiria njia za moja kwa moja, gari moja tu. Tuseme kila gari ni 700. Ukipanda moja kwenda na moja kurudi, kwa siku 26 za kazi ni 36,400. Ukiunganisha magari mawili ni 72,800. Nyumba ya 130,000 ya magari mawili inakugharimu zaidi ya ya 150,000 ya gari moja, hapo bado bodaboda ya kutokea ndani.

Sinza, Kijitonyama, Mwenge na Mikocheni ziondoe. Kwa bei hiyo utapewa chumba kimoja, na watatu hamtatosha.

Barabara ya Morogoro ndiyo ningeitazama kwanza. Mabasi ya mwendokasi yanatoka Kimara Mwisho hadi Kivukoni, na Posta iko njiani. Kimara Baruti, Korogwe, Stop Over, Bucha, Temboni hadi Mbezi Mwisho utapata chumba na sebule kwa bei yako, ila si pembeni ya lami. Kule ni vilima, na dalali husema "dakika tano kutoka barabarani" akimaanisha dakika tano za pikipiki. Tembea kwa miguu kutoka kituoni hadi mlangoni ukitazama saa. Ikizidi dakika 20, mke na mtoto watahitaji boda kila wanapotoka, na mvua ikinyesha njia za udongo wa kule zinateleza hata boda zinagoma.

Mbagala ni nafuu kuliko Kimara kwa nyumba ya ukubwa huo huo. Ukikaa Zakhem, Mtoni Mtongani au Rangi Tatu, Barabara ya Kilwa inakuingiza mjini bila kuzunguka. Gongo la Mboto, Ukonga na Pugu zina daladala za Barabara ya Nyerere, na treni ya mjini inayotoka Pugu husaidia sana kwa mtu wa saa za ofisi. Kigamboni usiiache: Tungi, na maeneo ya kutembea hadi pantoni. Ukishuka upande wa Magogoni, Posta unafika kwa miguu. Kasoro yake ni kwamba kivuko kimoja kikienda matengenezo, foleni ya asubuhi inakula muda wako, na kuzungukia darajani Kurasini ni mbali.

Mabibo, Msewe na Changanyikeni usitafute vyuo vinapokaribia kufunguliwa, Oktoba na Novemba. Wanafunzi wanajaa na bei hazishuki.

Mtaa wowote utakaoupenda, nenda siku ya kazi, uwe kituoni saa 12 asubuhi, upande gari hadi Posta. Jumapili mchana kila mtaa wa Dar uko karibu na mjini.

Sinza Kumekucha

Mimi nasema achana na madalali kabisa. Chagua mtaa, tembea, uliza madukani, kwa mama ntilie, kwa mafundi cherehani. Hao wanajua nani anahama wiki hii. Hiyo 150,000 ya udalali ni mwezi mzima wa kodi.

Kalamu na Karatasi

Ni kweli kwa aliye tayari Dar na ana wikiendi kadhaa. Anayetoka Mbeya akifikia gesti na familia, siku saba za gesti na chakula cha nje zinakaribia udalali huo huo. Njia ya kati ni kutafuta mpangaji anayehama kabla muda wake haujaisha. Unamrudishia miezi iliyobaki, mara nyingi miwili au mitatu, na udalali haupo. Sharti ni moja: mwenye nyumba awepo, akubali, na aandike mkataba mpya kwa jina lako. Ukilipana na mpangaji peke yake, kwa mwenye nyumba wewe ni mvamizi.

Na nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa, Upanga au Kariakoo, ukiambiwa na mpangaji wake akukatie chumba, kataa. Mkataba wa Shirika haumruhusu kupangisha bila idhini, wakikagua mnatoka wote.

Mama Mjumbe

Mwanangu, swali lako la pili ndilo zito. Utapeli uliozoeleka ni huu: mtu anapanga nyumba mwezi mmoja, anajifanya mwenye nyumba, anapokea kodi ya miezi sita kwa watu watatu au wanne, kisha anazima simu. Ufunguo alikuwa nao, nyumba aliionesha, kila kitu kilionekana sawa.

Kabla ya kulipa, nenda ofisi ya serikali ya mtaa wewe mwenyewe, usipelekwe na dalali. Uliza nyumba ile ni ya nani na kama ina mgogoro. Kisha uliza majirani wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Omba kuona risiti ya umeme wa LUKU na bili ya maji ya DAWASA, ulinganishe majina na kitambulisho cha NIDA cha anayekupangisha. Majina yakitofautiana si lazima awe tapeli, wengi walinunua nyumba na hawakubadilisha jina la mita, lakini lazima akueleze na akuoneshe hati, leseni ya makazi au mkataba wa mauziano.

Akisema nyumba ni ya marehemu baba, omba barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Anayesaini na kupokea kodi ni msimamizi aliyeteuliwa. Ukimlipa ndugu mwingine, mwenzake atakuja kudai yake, na ugomvi wao utahamia sebuleni kwako.

Tazama kuta. Alama ya X nyekundu maana yake nyumba imewekewa bomoabomoa, iwe ni hifadhi ya barabara au bonde. Fidia ikiwepo ni ya mwenye nyumba, mpangaji anaambulia kuhama. Tazama pia mstari wa matope ukutani na rangi iliyovimba kuanzia chini, hasa Kigogo, Jangwani, Tandale na popote karibu na Mto Msimbazi au Mto Ng'ombe. Nyumba za huko huwa rahisi kiangazi, masika ya Machi hadi Mei maji yanaingia ndani.

Mkataba uandikwe. Sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo hakuna kiwango cha kodi wala idadi ya miezi iliyowekwa na serikali. Kinachokulinda ni kilichoandikwa kwenye karatasi hiyo. Kiwemo kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kuanza na kuisha, notisi ya kila upande, nani anatengeneza paa, choo na mabomba, na kodi ikipanda ni lini na kwa taarifa ya muda gani. Lipa kwa benki au simu ili jina la mpokeaji libaki kwenye muamala. Mkigombana, anzieni mtaa na Baraza la Kata kwa usuluhishi, likishindikana ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mgeni wa Jiji

Nawashukuru sana. Kuna nyumba Kimara Bucha, 140,000, miezi minne. Anayesimamia ni mpwa wa mwenye nyumba, mwenyewe yuko Mwanza. LUKU ni moja kwa wapangaji watano, kila mmoja anachanga 15,000. Maji ni ya kisima. Je, niendelee?

Fundi Umeme Ubungo

Sitisha kidogo mkuu, uliza mambo kadhaa. Nyumba ikiwa na mita yake na ikatumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, TANESCO huiweka daraja la D1, uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, kama 122 ukijumlisha. Wapangaji watano kwenye mita moja hawawezi kukaa chini ya 75, kwa hiyo mko T1, daraja la matumizi ya kawaida: uniti ni 292, ikijumlishwa kodi na tozo inafika 356. Elfu tano inayompa wa D1 uniti 40 inakupa wewe 14. Mchango wako wa 15,000 ni kama uniti 42. Familia yenye taa, televisheni, feni na pasi kidogo inaweza kuzitumia. Lakini kama hamna jokofu na wenzenu wanayo mawili, mnawalipia.

Omba sabmita, yaani mita ndogo ya kupima umeme wako peke yako. Fundi anaifunga ndani ya saa chache, na gharama iandikwe kwamba inakatwa kwenye kodi. Asipokubali, mchango uwe kwa vifaa, uandikwe: jokofu kiasi fulani, feni kiasi fulani.

Kingine, kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, na isiponunuliwa umeme inalimbikizwa. Kwenye mita ya pamoja hilo linagawanyika. Ila ukipata nyumba yenye mita yake iliyokaa tupu miezi mitano, manunuzi ya kwanza yanakatwa 7,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, basi mwambie anunue yeye umeme wa kwanza mbele yako, na risiti muisome pamoja uone kama kuna deni jingine.

Kisima: onja maji, kisha nawa mikono kwa sabuni. Yakiwa ya chumvi sabuni haitoi povu, na mtakuwa mnanunua madumu ya kunywa na kupikia kila siku. Uliza pampu inatumia umeme wa mita ipi. Mara nyingi ni hiyo hiyo mnayochangia.

Mama Mjumbe

Kuhusu mpwa: apige simu ya video na mjomba wake ukiwepo, na mjomba atume barua ya kumruhusu kupangisha, yenye jina, namba ya NIDA na sahihi. Ipitishe serikali ya mtaa wamthibitishe. Fedha itumwe kwenye namba au akaunti yenye jina la mjomba, si la mpwa. Wakikataa hilo la fedha, usilipe hata ya kushikilia.

Njia ya Kimara

Bucha iko mbele ya Kimara Mwisho, uelekeo wa Mbezi, kwa hiyo hakikisha ni gari moja hadi Posta au mawili. Kama ni mawili, omba 125,000 ukiwa na ile hesabu ya nauli mkononi.