Plagi ya betri ya boda ya umeme niliyotengeneza mwenyewe, niiandikishe hataza ama niuze tu?

fundi_ndeeba

Wakuu salamu. Mimi ni fundi wa waya za pikipiki hapa Ndeeba, mwaka wa tisa huu, na tangu boda za umeme zijae Kampala kazi inayoniletea watu wengi ni plagi ya betri. Mtu anakuja anasukuma, anakwambia betri imekufa, ukifungua unakuta betri ni nzima kabisa ila kwenye plagi upande wa chanya plastiki imeyeyuka ikashikana na shaba, pini imegeuka rangi ya bluu-nyeusi na soketi imelegea haibani tena. Zilizoungua naziweka kwenye kopo la rangi, kopo limejaa.

Sasa hawa vijana wanabadilisha betri mara mbili tatu kwa siku na kila wakichomeka inalia tap! na cheche inaonekana hata mchana, kidogo kidogo inaila ile pini, halafu lije vumbi la murram, halafu ije mvua. Nikakaa nikafikiria nikatengeneza yangu. Ina pini moja ndefu nyembamba yenye rezista ya omu 47, hiyo inagusa kwanza, ndipo zinaingia zile mbili nene, halafu ya mwisho ni fupi kabisa ambayo inaiambia kontrola (kisanduku kinachoongoza moto wa mota) sawa sasa pitisha moto. Ukichomoa, ile fupi ndo inaachia kwanza kwa hiyo moto unakatika kabla pini nene hazijaachana. Na mdomoni nimeweka ulimi wa raba niliokata kwenye tyubu ya baiskeli, umepasuliwa katikati kwa mkato wa mshazari, pini ikipita inapanguswa pande zote na ikitoka mdomo unajifunga wenyewe. Nimefunga kwenye boda nne za volti 72, miezi saba hakuna hata moja iliyorudi.

Shida yangu iko hapa. Kuna mtu wa duka la spea amenijia mara tatu anataka nimwachie sampo moja aende nayo nyumbani aiangalie vizuri. Na mdogo wangu anataka tupige video tuweke TikTok. Je niandikishe patenti kwanza? Inaandikishwa wapi na mtu kama mimi ambaye hana digrii anakubaliwa? Naomba msaada wenu, nimeitolea jasho hii kitu.

mama_wayaringi_jinja

Kaka, sampo usimpe. Na video mwambie mdogo wako asubiri, tena leo leo kabla hujalala.

Nakwambia hivi kwa sababu mwenzio yalinikuta. Miaka ya nyuma nilikuwa nimetengeneza kibanio cha kushikilia kebo za taksi pale zinapopita chini ya injini, kitu kidogo cha bati na raba, waya zilikuwa hazisuguliki tena. Nikampelekea muuzaji mmoja, akaniambia mama hii ni nzuri niachie mbili nionyeshe wateja. Mwaka haukuisha nikakuta katoni zake zimeletwa kutoka nje, bati lilelile, mkunjo uleule, hata kosa langu la tundu kukaa kushoto kidogo walilinakili. Sikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kuwa ni yangu, na nilipouliza nikaambiwa kwa vile nimeshaionyesha watu hadharani bila makubaliano siyo mpya tena. Bado naumia nikiziona zikining'inia dukani.

Kama ni lazima mtu aione basi asaini kwanza mkataba wa kutunza siri, hata ukurasa mmoja, wenye tarehe na shahidi.

mwl_nakawa

Fundi hongera sana, nimesoma maelezo yako mara mbili. Nafundisha umeme na nimewasindikiza vijana kadhaa kwenye njia hii kwa hiyo wacha nijibu kwa kirefu, unisamehe.

Digrii haihitajiki. Hataza (ndo patenti hiyo, haki ya kuzuia wengine wasitengeneze wala kuuza ulichobuni) inaombwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili, iko Kololo, na sheria inayotumika ni ile ya mali za viwandani ya 2014. Wanaangalia mambo matatu: kitu kiwe kipya duniani kote siyo Uganda peke yake, kiwe na hatua ya ubunifu maana yake fundi mwenye ujuzi wa kawaida asingeweza kukifikia kirahisi tu, na kiweze kutengenezwa ama kutumika kazini. Ukipewa ni miaka 20 kuanzia siku uliyopeleka maombi. Lakini kuna mdogo wake hataza, unaitwa cheti cha modeli ya matumizi, huo hauulizi hatua ya ubunifu, unauliza upya na matumizi tu, na unadumu miaka 10. Kwa mafundi wetu wa Katwe na Kisekka mimi naona huo mara nyingi ndo unawafaa zaidi na watu hawaujui.

Sasa nikwambie ukweli kuhusu plagi yako, usivunjike moyo. Pini ndefu yenye rezista ya kuzuia cheche ipo zamani. Ile plagi ya XT90-S ambayo watu wa droni na baiskeli za umeme wanatumia inafanya kazi hiyohiyo, ina rezista ndani, unaposukuma inagusa kwanza. Na ile pini fupi ya kukata moto kabla ya zingine iko kwenye plagi za kuchajia magari ya umeme, kiwango cha SAE J1772 cha Marekani, pini ya mawasiliano ndo inaunganika mwisho na kuachia mwanzo. Kwa hiyo ukienda kudai "mimi nimebuni pini za urefu tofauti" watakurudisha. Ila huo ulimi wa raba wenye mkato wa mshazari unaopangusa pini kila inapoingia, ukiwa pamoja na huo mpangilio wa pini nne, hapo ndo macho yangu yalisimama. Hapo panaweza kuwa pako.

Na usidhani kuunganisha vitu vya zamani hakuhesabiki. Kuna injinia wa Marekani alikuwa anaitwa Robert Kearns, miaka ya 1960 alibuni waipa zinazopumzika kidogo halafu zinapangusa tena, zile za mvua ya manyunyu. Ndani mlikuwa na transista, kapasita na rezista tu, vitu vinavyouzwa kila duka. Kampuni za magari zikaanza kufunga waipa za namna hiyo, akazipeleka mahakamani, na Ford walijitetea kwamba hakuna kipya humo ndani maana kila kipande kilikuwepo. Hawakufaulu. Mwaka 1990 Ford walimlipa zaidi ya dola milioni 10 na baadaye Chrysler nao waliamriwa kulipa. Kilichokuwa kipya ni namna alivyovipanga vikafanya kazi ambayo havikuwahi kuifanya pamoja. Lakini pia angalia kwamba kesi ilimla miaka na miaka, hataza haikimbizi mwizi yenyewe, wewe ndo unamkimbiza.

Kabla ya kulipa hata shilingi kaa kwenye simu utafute. Ingia Google Patents, Espacenet na Patentscope, ni tovuti za kutafutia hataza zilizokwisha andikwa, zote bure. Usitafute kwa maneno peke yake, tumia alama za madaraja: viunganishi vya umeme vyote viko chini ya H01R, na vile vya kuzuia vumbi na maji viko H01R 13/52. Ukifungua hati usiishie kwenye picha, nenda mwishoni kwenye madai, manake kinacholindwa ni kile kilichoandikwa pale. Watu wengi wanaona mchoro unafanana na wao wanakata tamaa bure.

dereva_wa_umeme

Mimi niseme kinyume kidogo. Nauendesha huo umeme stage ya Wandegeya na plagi imeniungulia mara mbili nikiwa na abiria. Ninachohitaji ni kitu hicho kifike barabarani haraka, sa ukimwambia fundi akae na makaratasi mpaka lini? Volvo walipobuni mkanda wa kiti wa pointi tatu, yule injinia wao Nils Bohlin mwaka 1959, hataza walikuwa nayo lakini wakaruhusu kampuni zote zitumie bure, na leo kila gari lina ule mkanda. Naona kama kitu kinaokoa watu kisifungiwe.

mama_wayaringi_jinja

Dereva nakuelewa na pole kwa kuunguliwa, lakini angalia ulichoandika mwenyewe, hataza walikuwa nayo. Walichukua kwanza, ndipo wakaruhusu. Mwenye nyumba ndo anaweza kumkaribisha mgeni. Fundi asipoandikisha, siyo yeye atakayekuwa anaamua bei ya hiyo plagi wala nani aitengeneze vizuri ama vibaya.

Tena kupeleka maombi hakumzuii kuuza. Akishapata tarehe ya maombi anaweza kufunga plagi kwa boda hata mia.

kijana_busia

Samahani naomba kuingilia na la kwangu. Huku mpakani foleni ya malori nina wazo la kamera inayohesabu malori na kumwambia dereva akiwa bado Tororo kwamba leo foleni ni ndefu. Nimeandika programu inafanya kazi kwenye simu. Hiyo nayo inapata hataza?

mwl_nakawa

Kijana, programu kama programu inalindwa na sheria ya hakimiliki ya 2006, na hiyo haki unaipata pale unapoiandika, tunza tu nakala zako zenye tarehe. Njia ya hesabu peke yake haipewi hataza. Ila kama una kifaa chenyewe kinachofanya jambo jipya barabarani, hapo njoo tuongee.

Na uwanja wako una watu wengi, ingia daraja la G08G ujionee. Garrett Morgan wa Marekani alipata hataza ya taa ya barabarani yenye ishara ya tatu ya kusimamisha pande zote mwaka 1923. Maurice Gatsonides wa Uholanzi alikuwa dereva wa mashindano, alitaka kifaa cha kupima mwendo wake mwenyewe kwenye kona, kikaja kuwa kamera za kunasia wenye spidi. Halafu kuna zile koili za waya zinazozikwa kwenye lami, watu wanadhani zinapima uzito, hapana, gari likipita juu chuma chake kinabadilisha tabia ya koili na mashine inahisi. Ndo maana lori na taksi zinaonekana vizuri lakini boda inaweza kusimama pale isionekane, chuma ni kidogo. Sa jiulize, jiji lenye boda nyingi kama Kampala, nani amelitatua hilo vizuri? Mimi ningekaa hapo.

fundi_ndeeba

Banange asanteni sana, sikutegemea watu watatumia muda hivi. Video mdogo wangu alikuwa ameshapiga ila hajaweka, nimemwambia aifiche. Yule wa spea nimemjibu nitampigia.

Nimeingia hiyo H01R 13/52 jana usiku mpaka bando likaisha. Nimeona vifuniko vingi vya raba lakini vingi ni vya kuzuia maji plagi ikiwa imeshafungwa, vya kupangusa nimeona viwili na vyote ni brashi. Maswali mawili: moja, hizo hataza za wachina nilizoziona zinanizuia mimi hapa? Pili, mwalimu, nikienda URSB natakiwa nibebe nini, plagi yenyewe?

mwl_nakawa

La kwanza: hataza inafanya kazi nchi ilikopewa. Ya China tu haikuzuii kutengeneza na kuuza Uganda, itakuzuia ukitaka kuuza China. Lakini angalia pia rejista ya ARIPO, shirika la nchi za Afrika la hataza na alama za biashara lililoko Harare, maana mtu anaweza kuomba kule akaitaja Uganda na ikawa na nguvu hapa. Na nyingine za zamani zimeshaisha muda, hizo ni za wote, zitumie bila woga, ndo faida ambayo watu wetu hawaichumi. Wewe nawe ukishaomba Kampala una miezi 12 ya kuomba nchi zingine ukahesabiwa tarehe ileile ya kwanza, kwa hiyo Kenya na Rwanda usizisahau.

La pili: plagi yenyewe siyo lazima, unabeba maelezo, michoro, madai na muhtasari. Maelezo yaandike kiasi kwamba fundi mwingine akisoma aweze kuitengeneza, ukificha siri kubwa humo unaweza kunyimwa. Na usiandike "haiungui", pima. Chukua plagi ya kawaida iliyochakaa na yako iliyotumika miezi saba, pitisha ampea 40 kwenye zote mbili, pima volti kati ya ncha mbili za kiungo. Kiungo chenye ukinzani wa miliomu 10 kitakuonyesha volti 0.4, hapo joto ni wati 16, kama kile chuma kidogo cha mafundi redio cha kuyeyushia risasi, na kimefungiwa ndani ya plastiki. Ukipanda hadi ampea 60 zinakuwa wati 36. Andika namba zako zote kwenye daftari moja, kila ukurasa tarehe na saini. Madai usiyaandike peke yako, tafuta wakala wa hataza hata kwa hicho kipande tu.

dereva_wa_umeme

Sawa mmenishawishi. Fundi, kama unahitaji boda ya tano ya kujaribia mimi niko, na mkataba wa siri nitasaini.

fundi_ndeeba

Kaka njoo Jumamosi asubuhi kabla ya saa tatu, ukifika mbele ya wauza mbao nipigie honi. Njoo na hiyo plagi yako iliyoungua usiitupe, nataka niipime kwanza ikiwa hivyohivyo.