Eti theluthi ya gesi zinazopasha dunia joto ni chakula? Malori au ng'ombe?

Kijana_wa_Mabibo:
Wakuu habari za jioni. Kuna ubishi umezuka kijiweni, jamaa kasema theluthi nzima ya gesi zinazopasha dunia joto inatokana na chakula. Mi nikamwambia labda malori, maana nashusha mizigo sokoni naona fuso zinavyofuka moshi toka Mbeya, Njombe, Lushoto usiku kucha, sasa si tukila vya karibu tu tumemaliza? Nyanya yenyewe inatoa moshi gani. Na hao ng'ombe wanaosemwa ni kweli au wazungu wanataka tuache nyama choma tu? Nisaidieni kabla ya kesho jioni.

Mwl_wa_Kemia:
Jamaa yako hajadanganya. Wapo watafiti walipiga hesabu ya mwaka 2015 wakapata tani bilioni 18 hivi, asilimia 34 ya gesi zote zinazotokana na shughuli za binadamu, wengine 2018 wakasema 26. Tofauti ni unaishia wapi kuhesabu, wa 34 wameingiza mpaka jikoni na jalalani.
Ila malori hapana mkuu. Usafiri wote wa chakula ni kama asilimia 5 au 6 tu ya hizo gesi za chakula. Mzigo mkubwa uko shambani, misitu inayofyekwa, ng'ombe, majaruba ya mpunga, mbolea. Hiyo nyanya yako imekuzwa na yurea iliyotengenezwa kwa gesi asilia, halafu ikifika kwenye udongo bakteria wanaigeuza na sehemu inapaa kama naitrasi oksaidi, kilo moja inapasha kama kilo 270 hivi za hewa ukaa. Hakuna moshi wa kuuona ndo maana unalaumu fuso.
Cha ndege ni kesi nyingine, mfano maharage machanga yanayotoka Nairobi kwenda Ulaya, ndege inachafua kama mara 50 ya meli kwa mzigo uleule.

Mfugaji_Bariadi:
Mnaanzaga hivihivi, mwisho mtasema ng'ombe wa Msukuma ndo kaharibu dunia. Ng'ombe wangu anakula nyasi na mabua, hajafyekewa msitu wa Amazon kupandiwa soya. New Zealand walitaka kuweka kodi ya mbweu za ng'ombe 2022, wakulima wakaja juu, 2024 serikali mpya ikaitupilia mbali. Denmark wao wanaanza 2030, sawa waanze hao wenye nguruwe wengi kuliko watu.

Mwl_wa_Kemia:
@Mfugaji_Bariadi hakuna anayekulaumu mzee. Na ni mbweu kweli, methani, hiyo gesi ya ng'ombe inayopasha joto, karibu yote inatokea mdomoni akicheua, watu wanadhani ni kule nyuma 😂. Ila angalia hesabu kwa lita ya maziwa, ng'ombe wa kienyeji anakupa lita moja au mbili kwa siku, chotara anayelishwa vizuri anakupa nane na kuendelea, na huyo wa lita mbili naye anabeua kila siku, kwahiyo kila lita yake inabeba methani nyingi. Malisho bora na chanjo vinapunguza gesi na vinakuongezea hela, hapo sioni ugomvi.

Bi_Mpunga_Mbarali:
Mmesahau mpunga jamani. Maji yakituama kwenye jaruba udongo unakosa hewa, vijidudu vya chini vinatoa methani, yale mapovu mnayoona mkikanyaga. Huku kuna wanaolima kilimo shadidi, miche michanga mmoja mmoja kwa nafasi, unaingiza maji unaacha yakauke unaingiza tena, methani inashuka hata nusu na maji unaokoa. Ila msidanganyane, jaruba likikauka magugu yanaota kama yametumwa, bila kipalizi cha kusukuma mgongo utaisha, na kama mfereji ni wa zamu maji hayaji siku unayotaka wewe, yanakuja siku yao. Ndo maana wengi wanajaza wakiyapata.

Kijana_wa_Mabibo:
Duh asanteni, kumbe. Sasa na mkaa wa kupikia wameuhesabu? Na zile nyanya zinazooza tunazomwaga sokoni?

Mwl_wa_Kemia:
Kwenye ile ya 34 nishati ya kupikia imo. Na vinavyooza vina hasara mara mbili, yurea na dizeli vishatumika bure halafu rundo la jalalani linaoza bila hewa linatoa methani tena. Chakula kinachopotea na kutupwa duniani kinakadiriwa asilimia 8 mpaka 10 ya gesi zote. Kwahiyo kesho kijiweni achana na fuso, ongelea matenga, hizo nyanya nyingi zinapondekea humo.

Mfugaji_Bariadi:
Mwalimu hilo la chotara nimelisikia, ila mbegu na daktari wa mifugo huku kwetu nani analeta?