Mrejesho: nilikwenda Likasi na Kolwezi kusaka vitabu

Wazee, niliuliza kama inafaa kutoka Lubumbashi kwenda Likasi na Kolwezi kununua vitabu vilivyotumika nije kuviuza hapa. Wengi mlisema nitachoma mafuta bure. Nimekwenda, na buti ilirudi imejaa katoni.

Likasi ndiyo iliyolipa. Mji ule, Jadotville ya zamani, una wastaafu wengi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na makabati yao bado yana vitabu vya jiolojia, kemia, umekanika, pamoja na kamusi nene za Kifaransa. Mama mmoja mjane alikataa kabisa kuuza kimoja kimoja: "Papa, beba yote ao uache yote." Tukapatana bei ya jumla. Vingine mchwa walishakula migongo, lakini vya jiolojia vilikuwa safi, na wanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walivigombania kabla sijamaliza kuvipangusa vumbi.

Yule ndugu aliyenionya kwamba vitabu vya sheria hupitwa na wakati, asante sana. Sheria ya Madini ya Kongo ya 2002 ilirekebishwa 2018, ile ya Familia ya 1987 ikarekebishwa 2016. Matoleo ya zamani nilipewa karibu bure, nikayaacha hukohuko. Nani atafanyia mtihani?

Kolwezi bei ni za mji wa kobalti, hata kitabu kilichochanika kinatajwa kwa dola. Nilichukua vichache, nikala bukari (ugali), nikageuza gari.

Ukitoa mafuta na peaje (ushuru wa barabara), faida ipo. Sasa anayemjua fundi wa kujalidi vitabu hapa mjini, asiyedai bei ya kitabu kipya, anielekeze.